Maneno ya Ukingoni

"Sijui," alisema Karani.

Salha akaruka kitini kama aliyeumwa na siafu. Tangu asubuhi neno lilikuwa hilo hilo. Ndani ya sanduku la kioo karatasi ilikuwa imeshavukizwa ikalainika na kufunguka, wino wake umejitokeza rangi ya chai ya mkandaa, na sasa ulikuwa unafifia mbele ya macho yake.

"Jaribu mstari wa juu! Jaribu hata neno moja!"

"Mkono wa mwandishi huyu siujui," Karani akajibu kwa upole, ule upole wa mtu wa benki anayekunyima mkopo huku akikuita mteja wetu mpendwa. Karatasi ikalegea, ikakatika vipande viwili, vipande vikawa unga. Feni ya mashine ikaufyonza.

"Potelea mbali!" Salha akaupiga teke mguu wa meza. Aliyeumia, bila shaka, ni yeye.

Hebu mwone alivyo: mwanamke wa makamo, mwembamba, kucha amezitafuna mpaka nyama, mtu ambaye hata akinywa chai huinywa akitembea. Kazi yake ilikuwa kuisomesha mashine, huyo Karani. Karani alikuwa fundi wa kusoma hati za kale, na miji kadhaa ya pwani alishaisoma akaimaliza. Lakini Karani hapigi picha, maana wino hafifu kama huu haushikwi na kamera. Hufuata wino kwa mwale mwembamba, kama mtoto wa chuo cha Kurani anavyofuata mstari kwa kidole, na kile anachokitambua ndicho anachokihifadhi. Asichokitambua kinampita. Na karatasi zilizolowa maji ya chumvi haziwezi kuvukizwa mara mbili. Ni mara moja, basi.

Na karatasi za Kitangani ndizo zilizolowa kuliko zote. Bahari ilipoumeza mji wa Kitangani, watu walipandishwa milima ya Taita wakapewa nyumba za bati na baridi ya bure. Wanaume walibeba hati za misikiti na mashamba, zilizoandikwa kwa mkono wa makadhi, na Karani alizisoma kwa wiki moja huku kama anapiga miayo. Wanawake walibeba sanduku lao. Humo mlikuwa na maandishi yao wenyewe ya vizazi, Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, lakini kwa mkono ambao haukufundishwa chuoni. Ulifundishwa uani, mama kwa binti, ukajikunja na kujifupisha hadi hakuna kadhi aliyeuelewa. Sanduku lilianguka majini siku ya kuhama. Lilipoopolewa, karatasi zilikuwa zimeshikana kama kipande cha sabuni.

Dakta Mghoi, mkuu wa kituo, aliingia akiwa na sweta limefunguliwa vifungo. Yeye ni Mtaita, baridi ya hapa Wundanyi ni kwao.

"Wameandika tena kutoka wizarani," alisema. "Mwezi ukiisha Karani anakwenda mji mwingine. Mmefika wapi?"

"Pale pale, Dakta. Nimeshaua karatasi nyingine. Nikiendelea hivi nitalimaliza sanduku zima na hatutakuwa na neno."

"Na zile sahani?"

Salha akasimama kutembea. Zile sahani hakutaka kuzifikiria, na hakuwa akifikiria kingine. Zilikuwa za kaure nyeupe, zimepangwa rafuni kwa kitambaa, kama zilivyopangwa zamani kwenye vidaka vya ukuta wa Bi Hidaya. Bi Hidaya alikuwa akiwaandikia wanawake kombe. Kila mwanamke alikuwa na sahani yake. Katikati Bi Hidaya aliandika aya kwa zafarani, kwa mkono safi ambao yeyote angeusoma. Ukingoni, kwa ule mkono wa uani, aliandika shida ya mgonjwa kwa maneno ya mgonjwa mwenyewe. Kisha akamimina maji ya waridi, akaosha maandishi yote, na mgonjwa akayanywa. Sahani ikarudi kidakani, tupu.

Lakini haikuwa tupu. Zafarani ilikuwa imeingia kwenye vinyweleo vya kaure, safari baada ya safari, na Karani aliyaona matabaka yote.

"Sahani hazifi nikizisoma," Karani akasema bila kuulizwa. "Nipeni mtu wa kunisomea maneno ya ukingoni, nilinganishe. Sahani chache zitanitosha kuujua mkono."

"Anayeujua mkono huo yupo mmoja tu," alisema Dakta Mghoi, akimtazama Salha. "Na unakaa naye nyumba moja."

*

Bi Zena alikuwa akichagua mchele, amevaa soksi mbili mbili na kanga juu ya sweta juu ya dera. Salha alisema alichokuja kusema akiwa mlangoni, viatu hajavua.

"Hapana," mama yake akajibu, na mikono haikusimama.

"Mama, hujanisikiliza."

"Nimekusikia tangu ulipokuwa ukipanda ngazi, unavyokanyaga kama umefukuzwa. Kombe halisomwi, Salha. Kombe hunywewa. Mtu alimweleza Bi Hidaya yaliyomfika, yakaandikwa, yakaoshwa, akayameza. Yakaisha. Wewe unataka kuyatoa tumboni mwa watu?"

"Sanduku zima litakufa, mama. Humo mna nyimbo za bibi. Mna maneno ya bibi yake bibi."

"Sasa mimi nifanye nini? Mimi nilikuwa msichana wa kusaga zafarani. Nilikaa ubavuni mwake nikisoma anayoandika, basi. Kalamu sikupewa. Enzi zetu, tofauti na za mama zetu, msichana alifunzwa kusoma, kuandika akakatazwa asije akawaandikia wanaume."

"Ndiyo maana nakuhitaji. Soma tu."

Bi Zena akaweka ungo chini. Akaenda kuufunga mlango.

"Nikimsomea huyo Karani wenu, maneno yanakwenda wapi?"

Jibu Salha alilijua, na halikuwa tamu. Zamani makampuni yalisoma hati za watu yakazifungia na kuziuza. Ndipo ikaja Sheria ya Usomaji Wazi: kila neno ambalo Karani amelipokea na msomeshaji akalithibitisha, papo hapo ni la umma. Linaingia kwenye simu ya kila anayetaka. Hakuna kulirudisha.

"Kwa watu wote," alisema.

"Basi sikiliza. Miongoni mwa sahani hizo iko yangu, ile yenye mstari wa buluu. Nilipopata mimba ya kaka yako, baba yenu alikuwa bado hajarudi, amenitupa, hajulikani alipo, na mimi sina hata shuka. Nilikwenda kwa Bi Hidaya nikamwambia, mimba hii siitaki. Mtoto huyu simtaki. Aliandika hivyo hivyo. Nikanywa, nikalala siku mbili nikingoja itoke. Haikutoka. Akazaliwa Idarusi."

Salha akakaa. Kwa mara ya kwanza siku hiyo, alitulia.

"Kaka anajua?"

"Ajulie wapi? Na si mimi peke yangu. Yupo aliyetaka mumewe asirudi safari. Yupo aliyempenda shemeji yake. Wengine wako hai, ni bibi za watu, wanaswali mstari mmoja na mimi. Mimi ndiye niliyesaga zafarani yao. Ni amana, Salha. Umenielewa?"

Kabla hajajibu, mlango ulisukumwa na Idarusi akaingia na mvua yake. Jitu refu, lenye kicheko, mwenyekiti wa kamati ya Wakitangani wote wa milimani, mtu aliyeziandikia ofisi zote za serikali kuomba Karani aletwe. Aliinama akaubusu mkono wa mama yake.

"Mama, nimesikia kwa Dakta Mghoi! Kumbe dawa ya ugonjwa iko humu ndani na sisi tunahangaika? Watoto wetu wanaambiwa shuleni kwamba mama zao hawakuwa na lolote la kuandika. Nisaidie, mama. Sijawahi kukuomba kitu."

Ni kweli, hakuwahi. Alikuwa mtoto wa namna hiyo, wa kuleta tu. Bi Zena alimtazama usoni, na Salha aliona jinsi lile neno hapana lilivyomfika mdomoni likakosa pa kupitia.

"Nitasoma, baba," alisema. "Kesho nitakwenda."

Idarusi akafurahi mpaka akataka kumbeba. Salha naye aliutafuta uso wa mama yake, na mama yake akawa anatafuta ungo.

*

Bi Zena aliketishwa mbele ya sahani ya kwanza, amejitanda buibui. Taa ya Karani ikawaka, na juu ya kaure nyeupe maandishi yakapanda, ya manjano, mepesi, duara ndani ya duara. Salha, aliyekuwa akiyatafuta mwaka mzima, alisisimka mwili mzima.

"Karibu, Bi Zena," alisema Karani. "Maneno ya ukingoni yanasemaje?"

Bibi akasogeza miwani. Macho yake yalikwenda ukingoni, yakazunguka, na Salha aliona midomo ikicheza. Alisoma yote, kimya. Kisha akainua kichwa akasema kwa sauti ya wazi:

"Yanasema: Ewe Mola, mponye mja wako, umpe subira, umzidishie imani."

"Ahsante," alisema Karani. "Msomeshaji, nithibitishe?"

Kidole cha Salha kilikuwa juu ya kitufe. Alijua. Hakuhitaji kujua kusoma ili ajue: ule mzunguko ulikuwa na maneno maradufu ya hayo. Alimtazama mama yake, na mama yake hakukwepa. Alimkazia macho kavu yanayosema, haya, niambie mimi mwongo mbele ya watu.

Dakta Mghoi alikuwa nyuma yao, kikombe mkononi. "Vipi, Salha?"

"Hamna kitu," Salha akasema, akabonyeza.

Sahani ya pili: Ewe Mola, wahifadhi watoto wake. Ya tatu: Ewe Mola, msitiri msafiri, umrudishe salama kwa jamaa zake. Bibi alizisoma dua hizo bila kukwama. Wala haikuwa kazi kwake, mwanamke aliyezisoma maisha yake yote. Ile yenye mstari wa buluu haikuguswa. Bibi alisema macho yamechoka, ikarudishwa rafuni.

Katikati ya kazi Karani akasita.

"Naomba msaada. Umbo hili katika sahani ya kwanza limesomwa Mola. Hapa umbo hilo hilo limesomwa watoto. Mkono mmoja hauandiki hivyo."

Hapo ndipo msomeshaji mwaminifu angesimamisha kazi. Ndilo Salha aliloapia alipopewa kibali.

"Mkono wa uani unabadilika-badilika," alisema. "Fuata maana, usifuate umbo."

"Nifuate maana," Karani akarudia. "Nimeelewa."

Na alielewa kweli, maskini. Mashine haina kiburi. Ukiiambia jambo, inalishika. Salha akatoka nje akasimama kwenye mvua, akarudi, akatoka tena.

*

Kuanzia siku hiyo Karani hakusema tena sijui. Alisoma! Karatasi zilivukizwa, zikafunguka, zikafa, na kila moja ilitoa dua yake. Ewe Mola, tusamehe. Ewe Mola, tuepushe na kiburi. Ukurasa baada ya ukurasa, sanduku zima la wanawake wa Kitangani likawa maombi matupu, na watu wakayapokea kwa machozi. Msikitini yalisomwa baada ya swala ya Ijumaa. Watoto waliyakariri shuleni. Idarusi alitembea mjini kifua mbele.

"Unaona mama zetu walivyokuwa wacha Mungu?" alimwambia Salha, akimshika bega. "Na wewe ndiye uliyetufungulia. Mdogo wangu, nashindwa hata nikushukuruje."

"Usinishukuru," Salha akasema.

"Acha unyenyekevu huo!"

Hakuwa analala vizuri, hakuwa anakula. Alikuwa akihesabu ndani ya kichwa unene wa kile kipande cha sabuni, kinavyopungua. Kila ukurasa uliogeuka dua ulikuwa ukurasa wa mtu aliyesema jambo lake jingine kabisa, bei ya ngano, ugomvi wa ukuta, matusi, mahaba, nani ajuaye, na hatalisema tena. Yeye ndiye aliyeshika kitufe. Akifungua mdomo, sahani zitasomwa upya, mama yake avuliwe nguo mbele ya mji na mbele ya Idarusi, na bibi za watu pamoja naye. Akinyamaza, anawaua wengine waliokwisha kufa. Jamani, mtu anachaguaje hapo? Alijaribu kumwambia mama yake usiku mmoja wakila.

"Karani anasoma uongo, mama."

"Anasoma dua. Dua si uongo."

"Walioandika hawakuandika dua."

"Na walio hai nao hawakuomba kuandikwa kwenye masimu yenu!" Bi Zena akasukuma sahani ya wali. "Usinitese, mwanangu. Nimechagua walio hai."

Salha akaanza kukusanya vyombo. Naye je, angemtazama mama yake akianikwa asife kwa uchungu?

Siku zikabaki chache. Idarusi akaandaa hafla ndogo pale kituoni: wazee wachache, kahawa, visheti, na Karani asome mbele yao fungu maalumu lililokuwa limefungwa kwa uzi mwekundu. Wazee walilitambua. Lilikuwa la Bi Somoe, mama yake Bi Zena.

"Mama, kaa mbele," Idarusi akamwambia. "Leo unamsikia mama yako."

Bi Zena akakaa mbele. Mvuke ukapanda. Karatasi ya juu ikajifungua polepole, na maandishi yalikuwa makubwa, ya haraka, yamelala upande mmoja kama yanakimbia. Bi Zena akaegemea mbele. Salha alimwona anavyoyasoma, anavyotabasamu kabla hajajizuia, kwani wimbo ule alikuwa akiujua tangu utotoni. Bi Somoe aliutunga mumewe aliporudi safari na harufu ya nyumba nyingine, akauimba uani huku anatwanga, mpaka mji mzima ukaushika.

Karani akasafisha koo, mazoea aliyofundishwa ili watu wamzoee.

"Ewe Mola, msitiri msafiri. Umrudishe salama kwa jamaa zake, na umjaalie mkewe subira na utiifu."

"Amin," wakasema wazee.

Ule ukurasa ukakatika ukawa unga, feni ikaufyonza.

"Endelea na unaofuata," alisema Idarusi, machozi yamemlenga.

"Simamisha," alisema Bi Zena.

Hakuna aliyemsikia vizuri. Mvuke ulikuwa umeshaanza kupanda.

"Nimesema simamisha! Salha, izime!" Alikuwa amesimama, fimbo yake ya kutembelea imeanguka. Salha aliufikia mtambo kwa hatua moja na kuuzima. "Subira na utiifu? Mama yangu? Astaghafirullah! Mama yangu alisema hivi:

*Uliondoka na koti, umerudi huna koti;*
*Kalivaa mwana gani, koti nililolishona?*
*Rudi ukalale huko, mlango nimeufunga.*

Na aliufunga! Akalala nje babu yenu, mbu wakamla, mpaka akaomba radhi mbele ya majirani. Ndiyo maneno aliyoyaandika, na sasa yamekuwa unga, na mimi ndiye niliyemziba mdomo. Mimi, mtoto wake wa kumzaa."

Dakta Mghoi akaweka kikombe chake chini.

"Bi Zena, unamaanisha sahani hukuzisoma?"

"Nilizisoma vizuri sana, mwanangu. Sikuzisema. Nimemdanganya Karani wenu, neno kwa neno."

"Salha, ulijua?"

"Nilijua, Dakta. Nilithibitisha nikijua." Alishangaa jinsi maneno yalivyotoka rahisi, baada ya kumkaba siku zote hizo. "Kibali changu unaweza kukichukua. Nimeua karatasi nyingi kuliko maji ya chumvi."

"Tutalizungumza hilo," alisema Dakta Mghoi, na uso wake haukuahidi huruma. "Ukurasa wa Bi Somoe umekwenda, hauwezi kumfundisha Karani kitu hata tukiujua kwa moyo. Yako mafungu yaliyobaki. Karani akifutiwa uongo na akipata somo moja la kweli, siku zilizopo zinaweza kutosha. Lakini lazima lipatikane leo."

Idarusi alikuwa akiwatazama mmoja baada ya mwingine. "Sielewi. Mama, kwa nini? Kuna nini kwenye sahani hizo cha kufanya mtu mzima aseme uongo?"

Bi Zena alikwenda rafuni kwa miguu yake ya soksi, akapita sahani za wenzake zote, akaivuta ile yenye mstari wa buluu, akaikumbatia.

"Hii ni yangu," alimwambia Dakta Mghoi. "Nilikwenda kwa Bi Hidaya miaka na miaka; maisha yangu yote yamo humu. Hii nitaisoma, mwanzo mpaka mwisho. Zile nyingine zirudishwe kwa wenyewe, na zisizo na wenyewe zifukiwe. Nataka uniahidi mbele ya wazee hawa."

Dakta Mghoi aliitazama ile rafu. Mtu angeweza kuona hesabu ikipita machoni mwake, kila tabaka la kila sahani.

"Nakuahidi," alisema mwishowe.

"Mama, huna haja," Salha akamnong'oneza. "Wacha watoke kwanza. Wacha kaka atoke."

"Halafu asome kwenye simu njiani? Bora anisikie mimi." Akaketi, akaiweka sahani chini ya taa. "Futa yote niliyomwambia."

Salha akafuta. Wazee wawili wakaanza kuinuka kwa heshima. Bibi akawapungia mkono wakae. Tabaka la chini kabisa likapanda juu ya kaure, manjano hafifu.

"Maneno ya ukingoni yanasemaje?" Karani akauliza.

Bi Zena alivuta pumzi. Safari hii alifuata kwa kidole, herufi kwa herufi, ili mashine imwone.

"Zena binti Somoe. Ana mimba ya miezi mitatu. Mume amemtupa. Anasema mimba haitaki. Anasema, mtoto huyu simtaki, itoke."

Idarusi alikuwa mtu mwepesi wa hesabu. Salha aliiona ikimfika. Alisogea nyuma mpaka mgongo ukagusa ukuta.

"Msomeshaji, nithibitishe?"

Salha hakuweza. Hakuweza, hata kama mbingu ingeshuka. Alimgeukia kaka yake.

"Mama," alisema Idarusi, na sauti haikuwa yake ya mikutano. "Ni mimi huyo?"

"Ni wewe."

"Ni kweli ulisema hivyo?"

"Nilisema hivyo hivyo, baba. Bi Hidaya hakuongeza neno."

Alikwenda mpaka mlangoni. Akaushika mlango, akasimama hapo, nje mvua inapiga bati, na kila mtu alidhani anatoka.

"Thibitisha, Salha," alisema, bila kugeuka.

Salha akabonyeza. Simu za wazee zikalia mifukoni mwao, moja baada ya nyingine, na hakuna aliyezitoa.

"Nashukuru," alisema Karani. "Mkono naanza kuuona. Kuna tabaka la pili."

Likapanda juu ya la kwanza, maandishi yale yale, ila wino mzito zaidi, kama mwandishi alikuwa na haraka. Bi Zena aliweka kidole mwanzoni. Machozi yalikuwa yanamdondoka kwenye kaure, ikabidi Salha ayafute kwa ncha ya mtandio.

"Zena binti Somoe," alisoma. "Mtoto wake Idarusi ana homa, hanyonyi tangu juzi. Amekuja usiku kwa miguu, peke yake. Anasema, nichukuliwe mimi, huyu aachwe."

Idarusi akaufunga mlango kwa ndani. Akavuta kiti, akakileta mpaka karibu na mama yake, akaketi, akaushika ule mkono wa kushoto usiokuwa na kazi.

"Msomeshaji, nithibitishe?"

"Thibitisha," alisema Idarusi. "Endelea, mama. Soma yote."